Kazi za postidoki za kromosomu vyuo vya nje: zina wenyewe au sisi ndio hatuombi?

#1 Ndorobo Jike
Wakuu habari za jioni.
Nina PhD tangu mwaka juzi, nilifanyia vimelea vya nagana, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na mbung'o. Wiki iliyopita nimekutana na tangazo la chuo kimoja huko Uskoti, wanatafuta mtu wa postidoki, ile kazi ya utafiti baada ya PhD, kwenye maabara ya kromosomu (zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba vinasaba), mkataba miaka mitatu, mshahara unaanzia pauni elfu arobaini na kitu kwa mwaka. Nimelisoma mpaka nimelikariri. Wanataka mtu aliyezoea hadubini ya kuangalia seli zikiwa hai, anayejua kuchezea jeni (vinasaba) za hamira, na "uzoefu wa kinetokori utakuwa faida", yaani kile kishikizo cha kromosomu. Mimi hamira naijua ya maandazi.
Sasa nikaingia kwenye kurasa za maabara za namna hiyo kama kumi na mbili, Uingereza, Ujerumani, Marekani, naangalia tu zile picha za pamoja wanazopiga nje kwenye majani. Wachina wapo, Wahindi wapo, Wahispania, Wabrazili, Mnigeria mmoja mmoja. Mtu wa kwetu sijamwona hata wa dawa. Mimi nasema hizi nafasi zina wenyewe, tangazo linatoka kutimiza utaratibu tu. Nipingeni.

#2 Mwiko Mrefu
Uliomba?

#3 Ndorobo Jike
Bado.

#4 Mwiko Mrefu
Haya sasa. Mechi hujacheza ushamtukana refa.

#5 Chai ya Rangi
Mleta uzi mimi nipo ndani ya hizo maabara mwaka wa pili huu (sio Uskoti, msinitafute) na ni mtu wa Tabora, kwa hiyo hiyo ya "hata wa dawa" ifute. Ila una nusu ya ukweli. Mwenye maabara akipata hela za mradi mara nyingi kichwani ana mtu wake tayari, labda kijana wake ambaye mkataba unaelekea kuisha, na chuo kinamlazimisha atangaze. Tangazo la hivyo ukilizoea unalijua, linakaa wazi siku chache halafu masharti yake yamekaa kama alama za kuzaliwa za mtu fulani, awe amefanya kazi na protini ileile kwenye hamira ileile kwa mashine ileile. Tangazo la kweli lina ulegevu, linasema "au uzoefu unaofanana na huo", na chini kabisa kuna jina la mwenye maabara na mstari unaosema ukiwa na swali mwandikie. Huo mstari watu wetu wanaupita kama haupo. Unatakiwa umwandikie KABLA hujajaza fomu, useme umesoma nini cha kwake na wewe una nini. Asipokujibu ndani ya wiki mbili umeshapata jibu.
Lako linasemaje hapo chini?

#6 Ndorobo Jike
Duh. Lina jina na barua pepe. Nilidhani ni la kulalamikia mtandao wao ukigoma.

#7 Pilipili Kichaa
Nawasoma tu. Kromosomu ndio zile 48 za binadamu? Mtu analipwa pauni elfu arobaini kuzihesabu?

#8 Daktari wa Ng'ombe
#7 48 ni za sokwe mtu, mkuu. Jihesabu upya. Binadamu ana 46. Ila sikulaumu sana, maana wakubwa wenyewe walisema 48 kwa zaidi ya miaka 30 mpaka wanasayansi Tjio na Levan kule Lund, Sweden, walipozitandaza vizuri kwenye kioo mwaka 1956 wakakuta 46. Kwa hiyo ndio, kuna watu walilipwa kuzihesabu na bado walikosea.

#9 Pilipili Kichaa
😂😂 Nimekubali mkuu, naenda kukaa mtini.

#10 Mzee wa Kalenda
Ngoja niseme la upande wangu maana vijana mnaongea kama kila mtu ana miaka 28. Hapa kwetu mtu anaanza kazi chuoni akiwa na digrii ya kwanza, anasubiri ufadhili wa masters, anasubiri tena wa PhD, anaimaliza ana miaka 41 na watoto watatu na nyumba imefika kwenye lenta. Huyo ndio umwambie aende postidoki miaka miwili? Mimi niliipata mwaka fulani, Ujerumani, kromosomu za mimea. Chuo changu (sikitaji) kiliniambia ruhusa ya masomo siwezi kupata kwa sababu postidoki sio masomo, na ruhusa bila malipo siwezi kupata kwa sababu idara ina wahadhiri wawili na mmoja ndio mimi. Nikaambiwa nikitaka niache kazi. Sikuacha. Barua yao ya kunikubali bado ninayo kwenye faili la hati ya kiwanja.
Kwa hiyo mleta uzi, picha unazoangalia ni za watu waliomaliza PhD wakiwa na miaka 29 na hawana cha kuacha. Hilo sio suala la tangazo kuwa na mwenyewe.

#11 Mwiko Mrefu
#10 mzee pole. Ila hapo umeeleza kwa nini wewe hukwenda, hujaeleza kwa nini Ndorobo hajaomba. Yeye hana hata kiwanja.

#12 Ndorobo Jike
Nani kakwambia 😅

#13 Msee wa Ngong Road
Sasa wadau. Kenya hapa story ni hiyo hiyo, lakini mimi nadhani shida ni mapema zaidi, ni PhD yenyewe. Pesa ya utafiti ikija Afrika Mashariki inakuja na ugonjwa. Malaria, TB, HIV, chanjo. Hakuna mtu anakupa pesa Nairobi ama Dar ukae miaka nne ukiangalia vile kromosomu inagawanyika kwa hamira, hata ukiandika proposal ya dhahabu. So mtu anamaliza akijua kuhesabu wagonjwa na kuchora grafu na hajawahi kushika hadubini ya maana, alafu tangazo linataka hadubini. Hapo hata mwenye maabara akiwa malaika atafanya nini?
Pia si lazima uende huko. Wellcome, wale wafadhili wa utafiti wa Uingereza, wana ile tuzo yao ya watafiti wanaoanza, na chuo chako kinaweza kuwa huku kwetu, haisemi lazima ukae Uingereza.

#14 Chai ya Rangi
#13 hapo kwenye ugonjwa umegonga msumari. Lakini wa hadubini nakataa kidogo. Mimi sikuwahi kuishika ya maana kabla sijaja. Nilifundishwa wiki tatu. Kilichonipa kazi ni kwamba kwenye PhD nilikuwa nafanya majaribio yangu mwenyewe kwa mkono na nilijua kueleza kwa nini mengine yalikataa.
Na mnaicheka hamira bure. Hii tunayotumia sisi jina lake la kitaalamu ni Schizosaccharomyces pombe. Hiyo "pombe" mwishoni ni pombe hii hii ya kwenu.

#15 Pilipili Kichaa
Nimeshuka mtini. Hii sasa unatuzuga.

#16 Chai ya Rangi
Wallahi. Mjerumani Paul Lindner aliitoa kwenye pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, akaitangaza mwaka 1893, akaipa jina la Kiswahili. Ina kromosomu tatu tu, na inajigawa katikati kama seli zetu badala ya kutoa kijichipukizi kama hamira ya mkate, ndio maana watu wa kromosomu wanaipenda. Paul Nurse aliyepata Nobeli mwaka 2001 alifanya nayo kazi Edinburgh miaka ya sabini.

#17 Mangi Bila Shamba
Hiyo ni MBEGE. Nasema mapema kabla Wasukuma hawajaingia kwenye huu uzi. Tudai mrabaha.

#18 Daktari wa Ng'ombe
#17 Mangi mbege ina ndizi na ulezi. Lindner aliandika habari za pombe ya nafaka, hakuna ndizi hapo. Ikiwa ni ya mtama basi ni watu wengi sana wa kudai, kuanzia Dodoma kwenda juu. Na hapo hatujaongelea Wakenya na Waganda.

#19 Mangi Bila Shamba
Ulezi sio nafaka?

#20 Daktari wa Ng'ombe
Ni nafaka. Endelea kudai.

#21 Binti wa Muheza
Turudi kwenye mada jamani. Niliwahi kufika mpaka intavyu ya kazi kama hii, nitawasimulia ilivyokuwa ili mleta uzi ajiandae. Chuo sikitaji. Ilikuwa Zoom saa tano asubuhi kwao, saa nane mchana kwetu, umeme ukakatika saa saba na nusu, nikatoka na laptopu mpaka kwenye gari la shemeji, nikawasha injini kwa ajili ya kiyoyozi na ya kuchaji, bando nimeweka la simu mbili. Watu watatu upande wa pili. Nikaonyesha slaidi zangu dakika kumi na tano vizuri kabisa, nikaona wanatikisa vichwa, nikajua nimepata. Halafu mmama mmoja ambaye alikuwa kimya muda wote akasema turudi slaidi ya saba, akauliza, matokeo haya yangekuja kinyume ungefanya jaribio gani siku inayofuata? Yaani sio nasoma nini wala natoka wapi. Siku inayofuata. Nikazungumza dakika tatu nzima na mpaka leo sijui nilisema nini. Nilitaja kongamano.
Sikupata, na kwa haki kabisa. Kwa hiyo habari ya kuwa zina wenyewe mimi siiungi mkono, mimi niliikosa kwa swali moja ambalo hakuna mtu aliwahi kuniuliza miaka yote ya PhD. Kwetu matokeo yakija kinyume unaficha.

#22 Mzee wa Kalenda
#21 hapo mwishoni umenichoma na mimi ndio huwa nasimamia wanafunzi.

#23 Mhasibu Mtembezi
Mnaongea sayansi, tuongee hela. Tuchukue huyo wa Uskoti. Kabla hajapanda ndege analipia bima ya afya ya uhamiaji, ni pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa mwaka na 776 kwa mtoto, na unalipa miaka yote ya viza kwa mpigo. Baba, mama na watoto wawili kwa mkataba wa miaka mitatu: 1,035 mara mbili ni 2,070, 776 mara mbili ni 1,552, jumla 3,622, mara tatu ni 10,866. Pauni, sio shilingi. Hapo ada za viza zenyewe bado, tiketi bado, kodi ya mwezi wa kwanza na dhamana ya nyumba bado. Vyuo vingine vinakurudishia yako au vinakukopesha, ya familia mara nyingi unajijua. Mchina wa miaka 28 anakuja na begi moja. Mimi naona swali la mleta uzi limejibiwa hapa, mengine ni porojo.

#24 Mwiko Mrefu
Na Marekani si ndio wameweka ada ya dola laki moja? Tangu Septemba 2025.

#25 Msee wa Ngong Road
#24 hiyo ni ya H-1B, ile viza ya kazi. Postidoki wengi huenda na J-1, ile ya kubadilishana wasomi, kwa hiyo hiyo laki moja haiwahusu. Soma vizuri kabla utishe watu.
#23 hesabu yako iko sawa lakini hao Wanigeria aliowaona kwa picha wanalipa hizo hizo na pasipoti yao haina maajabu kutushinda.

#26 Mhasibu Mtembezi
Wanigeria wapo milioni mia mbili na ushee, lazima mmoja atokee kwenye picha.

#27 Kapteni Nahodha
Nasikia ukipita miaka 35 hizo nafasi za Ulaya huombi tena. Kweli?

#28 Chai ya Rangi
#27 Kapteni na Nahodha si mtu mmoja? Sio kweli. Ile ya Marie Curie, ufadhili wa Umoja wa Ulaya, inahesabu miaka tangu upate PhD, isizidi 8, umri wako wa kuzaliwa hawauulizi. Sharti lao lingine ni usiwe umeishi nchi unayokwenda zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 ya mwisho, na hilo kwetu ni la bure kabisa, tunapasi tukiwa tumelala. Kawaida dirisha linafungwa Septemba. Ila ile unaandika andiko wewe na mwenye maabara, sio kazi ya tangazo.

#29 Pilipili Kichaa
Chai ya Rangi swali la dhati sasa. Ukifika asubuhi unafanya nini? Maana wote mnasema "utafiti".

#30 Chai ya Rangi
Jana kwa mfano. Hamira mbili zikikutana zinatengeneza kifuko chenye spora nne, yaani vijimbegu, kama njegere kwenye ganda. Nakaa kwenye hadubini yenye sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, nachukua kifuko kimoja kimoja nakitenga, naacha sahani kwenye joto la nyuzi 36 saa kadhaa mpaka ganda lilainike lenyewe, halafu narudi kutenganisha zile spora nne nazipanga mstari. Unazuia pumzi maana ukipiga chafya zote zimeondoka. Baada ya siku tatu nne naangalia. Zikiota zote nne, kromosomu ziligawanyika sawasawa. Zikiota mbili, kuna jambo, labda ile jeni niliyoiharibu ina kazi. Ndio kazi. Mgongo unauma. Mwezi uliopita fangasi iliingia kwenye sahani zangu sita nikatupa zote.
Nyingine naziweka kwenye sahani yenye TBZ, zile zenye kinetokori legevu zinakufa mapema. Kinetokori ni kama kishikizo, pale kamba za kuvuta kromosomu zinapofungwa.

#31 Daktari wa Ng'ombe
Ngoja ngoja. TBZ si thiabendazo? Hiyo ni DAWA YA MINYOO YA KONDOO, ndugu yake albendazo.

#32 Chai ya Rangi
Ndio hiyo hiyo dokta. Inavuruga zile kamba zisijengeke. Kwa minyoo inaua, kwa hamira yangu inaonyesha nani ana kishikizo kibovu.

#33 Daktari wa Ng'ombe
Miaka 19 nainywesha mifugo na sijawahi kujua kuwa natibu kwa biolojia ya kromosomu. Naomba postidoki.
Ila hili ndio limenikumbusha jambo, mnisikilize maana mnasema huku kwetu hakuna wa kufanya kromosomu. Mbung'o wa Unguja waliisha vipi? Madume yalifugwa Tanga, yakapigwa mionzi, yakamwagwa kwa ndege kisiwani mamilioni. Ile mionzi kazi yake ilikuwa kuvunja kromosomu kwenye mbegu za dume, linapanda vizuri tu lakini yai haliendelei. Na jike la mbung'o kawaida halirudii sana kupandwa, kwa hiyo limeishia hapo. Mwaka 1996 wakamkamata wa mwisho, 1997 kisiwa kikatangazwa safi. Hiyo sio kromosomu? Walioifanya wapo, wengine wamestaafu wanalima michungwa. Hakuna aliyewaita postidoki.

#34 Binti wa Muheza
Tanga oyee. Tena kwenye huu uzi wa mtu anaitwa Ndorobo 😂

#35 Mzee wa Kalenda
#33 nakupinga kwa heshima, ile ilikuwa kutumia, na tangazo la mleta uzi ni la kuuliza. Kuvunja kromosomu kwa mionzi na kujua kishikizo kimeundwaje ni vitu viwili.

#36 Daktari wa Ng'ombe
Mzee, mkulima wa Makunduchi aliyeacha kuzika ng'ombe wake hajali ni kutumia au kuuliza.

#37 Mzee wa Kalenda
Hajali. Ila kamati ya kupandisha vyeo inajali.

#38 Chai ya Rangi
Ndorobo Jike bado upo? Umesema PhD ni vimelea vya nagana. Wale wanaoitwa Trypanosoma?

#39 Ndorobo Jike
Nipo. Ndio, aina mbili, brucei na congolense, kwenye ng'ombe wa Morogoro na Pwani.

#40 Chai ya Rangi
Sasa wewe unalia nini? Brucei ndio kiumbe chenye kinetokori ya ajabu kuliko vyote tulivyovizoea. Hamira, nzi, binadamu, protini za vishikizo vyao zinafanana kwa sehemu kubwa, ni ukoo mmoja. Brucei walitafuta protini hizo wakazikosa, mpaka mwaka 2014 Bungo Akiyoshi na Keith Gull wa Oxford wakaonyesha kwamba ana seti yake mwenyewe kabisa, wakaziita KKT. Na kwa kuwa sisi hatuna hizo, watu wanaziangalia kama mahali pa kulenga dawa ya malale bila kumgusa mgonjwa. Halafu ana kromosomu kubwa jozi 11 na vijikromosomu vidogo kama mia. Wewe umemfuga huyo mdudu, umemwona anaogelea kwenye damu ya ng'ombe wa kweli. Watu wa hizo maabara wengi wanamjua wa kwenye chupa tu.
Andika barua uanzie HAPO. Acha kuanza na "mimi ni mwenye bidii na ninayejituma".

#41 Ndorobo Jike
Barua yangu inaanza hivyo hivyo neno kwa neno 🤦🏾

#42 Mwiko Mrefu
😂😂😂 "naweza kufanya kazi katika mazingira magumu bila usimamizi"

#43 Mhasibu Mtembezi
Na mimi nasema tena 10,866.

#44 Ndorobo Jike
Sina familia mkuu. Kwangu ni 3,105 tu. Nimekopa zaidi ya hapo kwa ajili ya harusi za watu.

#45 Pilipili Kichaa
Ng'ombe ana kromosomu ngapi?

#46 Daktari wa Ng'ombe
60. Mbuzi pia 60, kondoo 54, punda 62, farasi 64. Nyumbu 63, hazigawanyiki sawa ndio maana karibu wote hawazai.

#47 Kapteni Nahodha
Nyumbu hazai? Na wale wanaovuka mto Mara kila mwaka ni walewale?

#48 Daktari wa Ng'ombe
Nyumbu wa farasi na punda, Kapteni. Sio wa Serengeti. Rudi baharini.

#49 Mwiko Mrefu
Wiki tatu zimepita. Mleta uzi leta mrejesho.

#50 Ndorobo Jike
Wakuu samahani nilibanwa. Nilimwandikia yule mwenye maabara wa kwenye tangazo, aya tatu, nikaanza na ng'ombe wa Morogoro kama Chai ya Rangi alivyosema, nikakiri hamira sijawahi kuigusa. Kanijibu siku ya nne, mistari miwili. Wa kwanza kasema niombe. Wa pili kauliza, kwenye tasnifu yako jaribio gani lilikataa na ulifanya nini siku inayofuata.

#51 Binti wa Muheza
SIKU INAYOFUATA. Niliwaambia!!! Umemjibu nini?

#52 Ndorobo Jike
Bado sijajibu. Naandika nafuta. Lilikataa lile la kukuza vimelea kutoka kwenye sampuli za Pwani, friji iligoma wikiendi, na siku iliyofuata nilirudi kijijini na pikipiki ya kukodi kuomba damu upya, mwenye ng'ombe mmoja alikuwa ameshamuuza. Niandike hivyo hivyo au nitie utaalamu kidogo?

#53 Chai ya Rangi
Hivyo hivyo. Na pikipiki uiache humo humo.

#54 Mzee wa Kalenda
Mimi ningeitoa pikipiki. Wataona hatuna magari ya utafiti.

#55 Daktari wa Ng'ombe
Na yule ng'ombe aliyeuzwa ulimpata?